Mnyama wa Kabati la Maabara

Leo hii, mbele ya ulimwengu wote wa sayansi, natangaza kugunduliwa kwa mnyama mpya kabisa, asiyejulikana na binadamu yeyote. Isipokuwa mimi na Kipipi, jirani yangu wa kitanda bwenini, tuliomuunganisha kwa gundi wakati wenzetu wako uwanjani wakikimbizana na mpira.

Fuvu na mgongo vilikuwa vya sungura wa shule aliyekufa kwa uzee, tuliyemfukua baada ya sisimizi kumaliza kazi yao. Miguu ya mbele, yenye kucha zilizopinda, tuliinyofoa kwenye mifupa ya paka iliyovunjika na kutupwa stoo. Ya nyuma ilikuwa ya kuku, kwa hisani ya jikoni. Tukamsimamisha ndani ya kabati la kioo la maabara, na kibandiko chenye jina la Kilatini lililotushinda hata sisi kulitamka.

Chanzo kilikuwa mwalimu wa biolojia, mtu mwenye upara unaong'aa, tuliyempa heshima ya jina la Balbu. Alikuwa amelitangazia darasa kwamba kazi ndiyo iliyouchonga mwili wa kila mnyama, kizazi baada ya kizazi, wasiofaa wakifa na waliofaa wakibaki, na kwamba ukimpa mifupa, atakwambia mwenyewe aliishije. Nikapinga. Nikasema mifupa ni mifupa tu, ukiipanga vizuri mtu ataisomea uongo wowote. Wenzangu wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia mzaha mwingine mmoja tu, nitaliaga somo lake nikasome biashara.

Na mimi nataka kuwa daktari wa mifugo. Hilo sijamwambia hata Kipipi, maana atanicheka mpaka likizo. Lakini mdomo ulishapinga, ningeurudisha vipi?

Asubuhi iliyofuata kazi yetu ya gundi, Balbu alilitazama lile dude, akalitoa kabatini, akaliweka mezani na kutuita tusogee. Hakuuliza nani kalileta. Alianza kulisoma. Macho yako pembeni, akasema, basi huyu ni wa kuwindwa, analinda kila upande. Meno ni ya kukata majani na kuyasaga. Halafu mikononi ana kucha za kukamatia nyama asiyoweza kuitafuna.

"Maskini," akamalizia. "Huyu angekufa njaa huku ameshika chakula."

Darasa likaangua kicheko. Kipipi naye akacheka, msaliti yule. Mimi niliona mwanangu anatukanwa.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Kucha si za nyama. Ni za kuchimbia mizizi."

"Enhe."

"Mababu zake waliishi penye ardhi ngumu. Kila kizazi, wengine wanazaliwa na kucha fupi, wengine ndefu kidogo. Wenye fupi wanalala njaa, wenye ndefu wanashiba na kuzaa. Hakuna aliyeketi akazitamani, mwalimu. Wamebaki waliofaa."

Kipipi alinikanyaga mguu. Nilidhani ananishangilia.

"Na hii miguu ya nyuma?" Balbu akauliza, kwa upole ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili zangu zote.

"Ya kutupia udongo nyuma anapochimba. Hakuna anayepekua kama kuku, ndiyo maana nikamchagua..."

 Kipipi alifumba macho kama mtu aliye mazishini.

"Endelea, mwanangu," akasema Balbu. "Ukamchagua nani?"

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sikujisaliti kwa kuku peke yake. Mimi niliyeapa kwamba mifupa haisemi kitu, nilikuwa nimemtetea mnyama wangu kwa somo lake, neno kwa neno, na nililiamini.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema, kidevu juu. "Sungura, paka, kuku, gundi, vyote mimi. Kipipi alishika tu. Na ulikuwa sahihi, mifupa inasema. Nisugulishe vyoo muhula mzima, sawa. Ila biashara siendi. Nataka kutibu wanyama, na hapa siondoki."