Mazungumzo ya Tano Husomwa Mara Moja

Jumatatu ya pili ya Septemba, saa tisa alasiri, Mwalimu Pang alipanda juu ya kiti na kuipiga spika ngumi mbili, kama alivyofanya kabla ya kila zoezi la kusikiliza Kiingereza. Spika ya Darasa la Saba, mkondo wa saba wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ilitundikwa juu ya ubao zamani sana, na bila ngumi ilikwaruza. Wanafunzi hamsini na wanane wa mwaka wa mwisho walisogeza marundo ya vitabu pembeni ya madawati, wakachonga penseli, wakanyamaza. Kinanda kikalia kidogo, na mazungumzo manne mafupi yakapita. Kisha yule mwanamume wa siku zote wa kwenye kanda, ambaye hakuna aliyewahi kumwona lakini mji wetu mzima unaijua sauti yake, akamuuliza mwanamke treni inaondoka saa ngapi.

Mwanamke alikohoa kwanza, ndipo akajibu. Alikuwa mama yake Wanqing.

Wanqing, mmoja wa wasichana wa darasa hilo, alimtambua kwenye kile kikohozi. Mama yake, Xiang Yulian, aliacha shule darasa la tano, na kwa miaka sita alikuwa akipaka gundi soli za viatu katika kiwanda kimoja cha pwani ya kusini, mwendo wa saa kumi na tisa kwa treni. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Kwenye kanda alikizungumza bila shida, akimeza miisho ya maneno kama anavyoimeza akiongea lugha ya nyumbani. Alisema treni huondoka saa mbili na nusu asubuhi, ila yeye hasafiri, anaulizia tu.

Swali lilikuwa treni inaondoka saa ngapi. Wanqing alipaka penseli kwenye B, na B ilikuwa sahihi.

"Huyu mama anakohoa mno," alinong'ona Dou Fei, msichana aliyekaa naye dawati moja. "Wamekosa mwingine?"

"Ni mama yangu."

"Ah. Basi mwambie asogee nyuma kidogo, amenipotezea swali la tano."

Wengine nao walilalamikia lafudhi. Mwalimu Pang, aliyekuwa amefundisha miaka ishirini na miwili na hakupenda kupoteza dakika, alisema mtihani wa taifa unaweza kuleta lafudhi yoyote, leo ya Mwingereza, kesho ya mama Wanqing. Wazoee.

Inabidi kueleza kidogo habari ya simu, maana bila hiyo mtu anaweza kujiuliza kwa nini mtoto asubiri kanda ya mtihani ili amsikie mamaye. Shuleni simu za mkononi zilipigwa marufuku. Jumapili saa kumi alasiri wanafunzi walipanga foleni kwenye simu nne za ukutani kando ya bwalo, na kila mmoja alipewa dakika tano. Kwetu simu ni ya habari njema. Mzazi husema amekula nyama, mtoto husema ameshika nafasi ya juu, wote wawili husema hali ya hewa ni nzuri. Foleni nzima husikia uongo wa kila mmoja na hakuna anayemcheka mwenzake. Lakini watu wa kwenye kanda hawajui kuficha. Yule mwanamume akiuliza jambo, anajibiwa palepale, kwa sentensi kamili, na kisha swali linatoka.

Jumapili hiyo Wanqing hakusema habari njema.

"Mama, unakohoa."

"Nani kakwambia?"

"Nimekusikia kwenye zoezi. Ulikuwa unaulizia treni."

"Aa, ile." Mama alicheka. "Nikisinzia kwenye mashine najikuta nazungumza na baba mmoja mpole. Anauliza maswali mengi yule. Swali ulilipata?"

"Nililipata. Kwa nini huniambii kama unaumwa?"

"We mtoto, dakika tano za simu ni za kuugulia? Mtihani wako ukiisha nitakuja nyumbani, utanichemshia supu mpaka nikimbie. Sasa hivi usinisikilize mimi, sikiliza maswali."

Tangu hapo miguu ya Wanqing haikutulia chini ya dawati. Alitafuna penseli zake, akaazima za Dou Fei akazitafuna nazo. Wakati wa mapumziko, wenzake walipolala juu ya vitabu, yeye alizunguka uwanja, na spika yoyote ikikwaruza popote, ya bwaloni au ya muuza mapapai ng'ambo ya barabara, alisimama. Aliazima kanda za miaka iliyopita akazisikiliza zote. Mama hakuwamo. Alikuwa kwenye mazoezi mapya tu, na siku zote kwenye mazungumzo ya tano, ya mwisho katika yale mafupi ambayo husomwa mara moja na hayarudiwi.

Mnamo Novemba mwanamume alimsifia mama barakoa yake ya kuzuia mvuke wa gundi. Mama alisema ni nzuri kweli, wamepewa asubuhi kwa sababu wakaguzi wanakuja, jioni watazirudisha ghalani. Swali: Mwanamke hupewa barakoa lini? A, kila siku. B, akiugua. C, wakaguzi wakija. Darasa zima lilichagua C. Mwalimu Pang alifurahi, akasema hiyo ndiyo maana ya kuelewa ulichosikia, kisha akageukia kifungu cha kusoma. Kilihusu kijana wa Kanada aliyepotelewa na mbwa. Mbwa alipatikana kwenye aya ya mwisho, kama inavyokuwa katika vifungu vyote vya kusoma, na Wanqing, ambaye huko nyuma alivipenda, alijikuta anamkasirikia mbwa yule.

Babu Xiang, baba yake mama, alikuja kila Jumatatu na chupa ya kachumbari ya kabeji, na akawa anajipangia afike wakati wa zoezi. Alisimama nje ya uzio na kikapu chake, akisikiliza. Hata neno moja halikumwingia, lakini alibaki mpaka mwisho.

"Amekonda," alimwambia Wanqing siku moja, akimpitishia chupa katikati ya nondo.

"Babu, sauti haikondi."

"Ya kwake imekonda. Mimi ndiye niliyemlea."

Wanqing alimfasiria yale ya barakoa. Mzee alifunga kikapu, akaenda moja kwa moja hadi ofisi moja ya elimu pale mjini. Karani alimpa kiti na chai. Akaitafuta kanda, akaisikiliza mara mbili kwa makini, akakubali kwamba mwanamke anasema hivyo hivyo kama mzee anavyodai. Akaandika kwenye fomu kwamba maudhui yanaeleweka, sauti inatosha, na kasi inafaa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Akagonga muhuri na kumpa babu nakala. Babu aliitundika ukutani, karibu na kalenda, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuipeleka.

Machi kikohozi kilikuwa kinachukua karibu nusu ya mazungumzo. Mwanamume, kwa upole wake uleule, alimwambia mama anaonekana hajisikii vizuri. Mama akasema kifua kimebana tangu juzi, lakini meza yake ina soli mia mbili zinazomngoja. Swali: Mwanamke atafanya nini baadaye? A, atakwenda nyumbani. B, atamwona daktari. C, atarudi kazini.

Wanqing alipaka A, akaipaka mpaka karatasi ikatoboka.

Mwalimu Pang alimwita mezani kwake. Alikuwa anakula tambi, akazisogeza pembeni.

"Ulimsikia alichosema?"

"Nilimsikia."

"Soli mia mbili zinamngoja. Jibu liko hapo, limekaa wazi."

"Najua, Mwalimu."

"Basi usijibu unachotaka. Jibu ulichosikia. Nimewaambia hivyo watoto elfu moja na kitu, na waliofuata wamefika vyuoni." Alizivuta tambi zake, kisha akazisogeza tena. "Mama yako mwenyewe angekwambia hivyo."

Kweli angemwambia. Hilo ndilo lililomuuma.

Aprili kulikuwa na mtihani wa majaribio wa shule zote za wilaya. Siku mbili kabla, wakati Mwalimu Pang yuko kikaoni, Wanqing alisimama mbele ya darasa. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu, na mikono aliificha ndani ya mikono ya koti la michezo. Aliwaomba wote wachague jibu la kwenda nyumbani, lolote atakalosema mama yake. Alisema hajui kama itasaidia. Alisema tu kwamba kila mara wanapaka kwamba amerudi kazini, na kila mara amerudi.

Kila swali lilikuwa na alama moja na nusu. Alama moja na nusu si kitu cha kuchezea; kuna watu wamekosa chuo kwa nusu alama.

"Mimi mama yangu anashona mabegi huko huko kusini," alisema kijana mmoja wa dawati la nyuma. "Napaka."

"Mimi lile swali la tano huwa nakosa hata nikisikia," alisema Dou Fei. "Sina cha kupoteza. Ila Wanqing, penseli zangu nirudishie."

Siku ya mtihani mwanamume aliuliza, mama akakohoa, akajibu, na swali likatoka. Wanafunzi hamsini na wanane wakapaka A, atakwenda nyumbani. Darasa la Saba, lililokuwa la pili wilayani, likashuka hadi la tisa.

Mwalimu Pang alisimama mbele yao na matokeo mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alipoteza dakika nne nzima bila kusema neno. Waliokuwa mbele wanasema macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimewaelewa," alisema mwishowe. "Lakini mashine ya kusahihisha haina mama. Fungueni ukurasa wa themanini."

Jumatatu iliyofuata mwanamume alimuuliza mama mbona leo yuko peke yake mezani. Mama alisema wenzake wawili wamelazwa, soli zao amepewa yeye. Wanqing alisikia hadi mwisho, akapaka jibu lililo sahihi, akaomba ruhusa ya kwenda chooni na kulia huko mpaka kipindi kikaisha.

Tarehe nane Juni, kabla ya saa tisa alasiri, mji wetu ulizimwa. Hufanyika hivyo kila mwaka wakati wa sehemu ya kusikiliza ya mtihani wa taifa. Winchi za majengo zilisimama na mizigo yao hewani. Madereva walizima magari na kuyasukuma kwa mikono hadi kando ya barabara. Watumishi wa bustani walikuwa wamewatoa vyura bwawani kwa nyavu tangu asubuhi, na mama mmoja jirani na shule aliwafunika bata wake kwa blanketi la harusi. Wazazi walijaa mbele ya lango wakiwa wamevaa nguo nyekundu za kuleta bahati, hakuna aliyepiga chafya. Babu Xiang alikuwa miongoni mwao na chupa yake ya kachumbari.

Kinanda kikalia. Mazungumzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha kikohozi kikatoka kwenye spika zote za shule zote za mkoa kwa wakati mmoja, kikapita juu ya paa, juu ya winchi na bwawa lisilo na vyura, na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine, mji mzima ulikisikia vizuri. Babu alivua kofia.

Mwanamume akauliza, "Huonekani mzima leo. Unakwenda nyumbani lini?"

"Nilisema mtihani wa binti yangu ukiisha," alijibu mama. "Mtihani wenyewe ndio leo. Ngoja nimalize meza hii kwanza."

"Kaa chini kidogo."

"Nikikaa sitainuka."

Swali likatoka, na majibu yalikuwa yale yale matatu: nyumbani, kwa daktari, kazini. Kati ya swali na mazungumzo yanayofuata hutolewa sekunde kumi. Wanqing aliiweka penseli kwenye A, akaiacha hapo sekunde sita au saba. Alikuwa amefundishwa vizuri, na aliyemfundisha zaidi ya wote ndiye aliyekuwa akikohoa. Akaiinua, akaiteremsha hadi C, akapaka. Mkoa mzima penseli laki tatu na zaidi zilipaka C, na sauti ya penseli hizo, kwa waliokuwa nje, ilikuwa ya mvua nyepesi.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili polisi wakapunga bendera, madereva wakapiga honi zote walizokuwa wamezizuia, na winchi zikashusha mizigo.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Juni. Wanqing alipata alama zote za kusikiliza, na chuo alichokuwa akikitaka. Mwalimu Pang alikwenda mwenyewe hadi nyumbani kwa babu kumpa habari. Alikaa chini ya ile fomu yenye muhuri, akala kachumbari, akasema ripoti ya mkoa imetoka na swali la tano ndilo lililojibiwa sawa na wengi kuliko maswali yote ya karatasi nzima. Watahiniwa tisini na sita kati ya kila mia walielewa.

Mama alipiga simu nyumbani kwa babu mchana wa siku hiyo hiyo, wakati wa chakula. Aliongea polepole, akiivuta pumzi kati ya maneno.

"Nimekula nyama leo," alisema.

"Mama, ulisema mtihani ukiisha utakuja."

"Nilisema. Lakini sasa kuna chuo, mwanangu. Miaka minne ni nini, itakwisha tu." Akavuta pumzi tena. "Lile la tano ulilipata?"

"Nililipata."

"Ulijibu nini?"

"C."

"Ndiyo yenyewe," alisema mama, na alifurahi kweli, ilisikika.

Wanqing alikuwa na maneno ya kusema, lakini sekunde kumi si nyingi. Kengele ya zamu ikalia upande wa pili. Mama akasema haya, akakohoa, akarudi kazini.