Nukta ya Anyosisye

Kazi ya Jenista ilikuwa kutazama nukta. Kampuni ya malori pale Tunduma ilimpa chumba chenye feni mbovu na kompyuta moja, na kwenye kompyuta kulikuwa na ramani. Kila lori la kampuni lilikuwa nukta. Nukta ikitembea kutoka Dar kuja mpakani, mambo mazuri. Ikisimama mahali isipotakiwa, Jenista anapiga simu, na dereva anaanza kudanganya.

Alikwisha wazoea. "Dada, tairi limepasuka hapa Vwawa," na ofisi nzima inajua kwamba tairi hilo limesuka nywele na linauza chipsi karibu na stendi. Dereva hodari wa uongo hasemi mengi. Hutaja kitu kidogo tu, mvua, ng'ombe barabarani, askari mwenye kitambi, na wewe unaona kabisa alipo. Jenista alikuwa akicheka hadi anafuta machozi, yeye na Zabron wa meza ya pili. Hiyo ilikuwa kabla ya Agosti ya mwaka 2013.

Agosti hiyo mdogo wake, Anyosisye, alizama baharini.

Mtoto wa Ibaba, aliyekulia kwenye viazi na ukungu, bahari aliijulia wapi? Alijua injini, basi. Alianzia kwenye mashine ya kusaga Itumba, akashuka kwenye gereji za Tunduma, na gesi ilipopamba moto Mtwara akaenda huko kuwa fundi wa boti. Watafiti wa nyangumi wakamchukua. Nyangumi hao hupanda kila mwaka kutoka kusini kwenye barafu kuja kuzaa kwenye maji ya joto, halafu hurudi. Watafiti walitaka kujua wanapita wapi, kwa hiyo huwasogelea kwa boti ndogo na kumchoma mmoja mgongoni kifaa kinachowasiliana na setilaiti kila anapoibuka kuvuta pumzi. Siku ile ya Agosti mwenye upondo wa kuchomea aliteguka mkono, akampa Anyosisye. Anyosisye akakichomeka barabara. Nyangumi akapiga mkia, boti ikapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana siku hiyo, wala baadaye.

Aliyepiga simu ni Restuta, mtafiti aliyekuwa kwenye boti ile. Alilia sana. Jenista alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia pole, akarudi kumfokea dereva aliyekwama mizani. Hakuhisi kitu. Mchana alijifungia chooni ajaribu kulia, akaishia kusoma maandishi ya ukutani.

Kisha Restuta akamtumia anwani ya ukurasa wa mtandao. "Ni kazi yake ya mwisho, dada. Nimeona uwe nayo." Jenista akaufungua pale pale ofisini. Ramani, bahari, na nukta moja inatembea.

Katika ukoo wao, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba. Linavikwa nguo zake, linalazwa kaburini kichwa kikielekea alikopotelea, na msiba unaisha. Mchungaji hutazama pembeni kidogo, halafu anaomba kama kawaida. Baba mdogo Isaka alikwisha kata mgomba mzuri. Marta, mama yao, akakataa usizikwe.

"Jenista," alisema mbele ya waombolezaji, "kile kitu alichokichomeka, bado kinatembea?"

"Kinatembea, mama."

"Si wewe uliyeniambia, ulipopata kazi? Nukta ikitembea, dereva yupo."

Ni kweli alisema hivyo. Alikuwa akijisifia kazi mpya, amekaa jikoni kwa mama yake na kikombe cha chai, na maneno yalimtoka matamu. Sasa alifungua kinywa aeleze kwamba nyangumi hana dereva. Akauona uso wa mama yake, akakifunga. Mgomba wa baba mdogo ukaozea nyuma ya jiko.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, mama alipanda kilima chenye mtandao akapiga simu. Hakusalimia. "Amefika wapi?"

Mwanzoni Jenista alisoma kilichopo. "Yuko mashariki ya Mtwara, mama. Anaelekea visiwa vya Komoro."

"Mbona polepole hivyo?"

"Huyo nyangumi ana mtoto."

"Ahaa! Basi asimkimbize," mama alisema, na akacheka. Jenista alisikia kicheko kile, akangoja kimfanyie kitu moyoni. Hakikufanya kitu.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, karibu na Komoro, nukta ilisimama. Jenista akampigia Restuta. Restuta akamweleza taratibu kwamba vifaa vile havikai, nyama ya nyangumi huvisukuma nje vikadondoka, na mnyama huendelea na safari yake. Ndiyo kawaida. Hakuna mtu angejua tena alipo.

Jumapili ikafika. "Amefika wapi?"

Jenista alikuwa anaitazama ile nukta iliyokufa. "Amegeuka, mama. Anashuka kusini," alisema. "Kuna upepo leo."

Ukisikia, utasema alimdanganya mama yake kwa huruma. Thubutu! Huruma ilikuwa haimo. Nukta ikisimama ingebidi wazike, na wakizika ingebidi ahisi, na yeye alikuwa ameshaizoea ganzi yake. Alikula, alioga, alifokea madereva. Kicheko tu ndicho kilichopotea, na kwa kicheko mtu hakatwi mshahara.

Basi akamshusha nyangumi kusini. Akampitisha Madagaska kwa wiki kadhaa, siku nyingine mvua, siku nyingine meli kubwa imepita karibu. Madereva walikuwa wamemfundisha vizuri kuliko alivyodhani. Zabron alimsikia siku moja akauliza, "Lori gani hilo linapita Madagaska?" Jenista akamjibu kwamba ni la nyumbani, na Zabron, ambaye hajawahi kunyamaza maishani mwake, akanyamaza.

Krismasi ilimkuta nyangumi kwenye barafu.

"Barafu ikoje?" mama aliuliza.

"Kama ule umande mweupe wa Ibaba wa mwezi wa sita. Ila huo haukauki jua likitoka."

"Maskini mwanangu! Sweta lake analo?"

"Analo, mama."

Miezi ikaenda. Mwezi wa tano baba mdogo Isaka alipiga simu mwenyewe, na Isaka si mtu wa kumaliza vocha yake bure.

"Mama yako amepaka chokaa chumba cha Anyosisye," alisema. "Amefua mablanketi. Anawaambia watu kanisani kwamba nyangumi hurudi Mtwara mwezi wa saba, kwa hiyo mwanawe anarudi. Ni wewe uliyemwambia?"

Jenista akasema dereva anamsubiri kwenye simu nyingine, akakata. Jumapili ile hakungoja kuulizwa.

"Mama, kimesimama."

"Wapi?"

"Huko huko kusini, kwenye barafu."

"Kimeharibika?"

"Hapana. Kimefika."

Upepo wa kilimani ulivuma kwenye simu. Halafu mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mwambie baba yako mdogo akate mgomba," na simu ikakatwa.

Jenista alipanda Ibaba akiwa na khanga mbili na ganzi yake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, refu, limeelekea kusini, upande wa Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, kama alivyokuwa amesema kwenye simu. Mgomba ulilazwa kwenye mkeka, umevishwa ovaroli ya gereji. Mama akatoka ndani ameshika sweta la kijani, la vifungo, alilolifuma mwenyewe.

"Nilipokuwa nafagia chumba chake nimelikuta chini ya godoro," alisema. Hakuinua sauti. "Ulisema analo."

Jenista akalitazama lile sweta. Kiwiko kimoja kilikuwa kimetobolewa na cheche za kuchomelea.

"Jenista. Kichwa kielekee wapi?"

Kaburi lilikuwa pale, limekamilika. Ingetosha aonyeshe linakoelekea, na kila mtu angeenda kula. Mkono wake ukanyooka mashariki, upande wa Kyela na ziwa, na bahari mbali nyuma yake.

"Si ulisema kusini?" Isaka akauliza.

"Kilizima kikiwa huko," alisema. "Karibu na Komoro."

"Lini?" mama akauliza.

"Mwezi wa tisa mwaka jana."

Mama alihesabu Jumapili zake kimoyomoyo. Ilionekana usoni, moja baada ya nyingine, kile kilima na ile simu. Wanawake wakaangalia chini. Jenista alingoja atukanwe, na alitamani hasa atukanwe.

"Chimbeni upya," mama akasema.

Vijana wakatazamana, maana ardhi ya pale ni ngumu na walishanawa. Jenista akachukua jembe lililokuwa karibu. Ibaba mwanamke hachimbi kaburi, ila hakuna aliyemzuia. Akaanza kukata udongo upande wa mashariki, vibaya, jembe likimrukia miguuni. Baadaye kidogo Isaka akavua koti akaingia upande wa pili.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Aliupitisha mgomba ndani ya sweta akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu.

"Mama," Jenista akasema bila kuacha kuchimba, "kule ni joto. Maji yake ni ya joto. Hahitaji..."

Jembe likamponyoka. Akakaa chini kwenye udongo aliouchimba mwenyewe, na kile alichokitafuta chooni Tunduma kikamjia hapo mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Mama hakugeuka. Alifunga kifungo cha mwisho, akaikunjua kola.

"Avae tu," alisema.