Sponji Alipomaliza Madeni

Watu walimwita Sponji kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima haukuwa na mkono kama wake. Ukimpelekea kochi lililobonyea hadi ukilikalia magoti yanagusa kidevu, alikurudishia likiwa limejaa, limenyooka, utadhani limetoka dukani. "Mimi ndiye ninayejua watu wa hapa wanakalia nini," alipenda kusema, na wateja walicheka.

Mkewe alipougua, alikopa. Nani angemlaumu? Mke akafariki, mikopo ikabaki hai. Alikopa kwenye chama cha akiba, kisha akakopa kwa simu ili alipe chama, kisha akakopa kwa simu kwenye kampuni nyingine ili ailipe ile ya kwanza. Akawa anafukia shimo kwa udongo wa shimo jingine. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwake yeye hata kukopa kwenyewe kulikuwa matanga.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeuza dawa kwenye duka la dawa karibu na hospitali, msichana wa maneno machache na msimamo. Alikuwa amechumbiwa na fundi magari, kijana mtaratibu ambaye kila akija ukweni alianza kwa kusugua mikono bombani ili asichafue viti. Mambo ya ndoa yalipokaribia, binti alimfuata baba yake karakana.

"Baba, mama mkwe ameniuliza kama kwetu kuna madeni. Aliwahi kufilisiwa na ndugu zake, anaogopa. Nimwambie nini?"

Sponji alikuwa ameshika misumari midogo kwa midomo, kama wafanyavyo mafundi wa makochi. Akaitema kiganjani polepole.

"Mwambie baba yako hadaiwi na mtu."

"Kweli?"

"Mwanangu, mimi nikudanganye wewe?"

Binti akaenda akasema hivyo, kwa kinywa chake, mbele ya wakwe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sponji alipoacha kupokea simu za kampuni moja ya mikopo, kampuni ilianza kuwapigia watu aliokuwa amehifadhi namba zao kwenye simu yake. Ilimpigia kinyozi wake. Ikampigia muuza mbao. Ikampigia na mama wa fundi magari, na kijana wa kampuni, asiye na haya, akamwambia, "Mwambie ndugu yako alipe. Ni tapeli."

Mama yule hakuja na kelele. Alikuja na kaka yake, wakakaribishwa, wakakaa.

"Baba," alisema, "shida ni za watu wote, na mimi sikuzaliwa tajiri. Kama mngeniambia mna deni, ningesema pole. Lakini nilimuuliza binti yako, naye akanitazama usoni akasema hakuna. Leo amenificha hili, kesho atamficha mwanangu nini?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alimtazama baba yake. Lilihitajika neno moja tu: hakujua. Sponji akalitafuta, akalipata, asilitoe. Aliona aibu itamuua. Akainamisha kichwa, akatazama zulia mpaka wageni wakaaga, na uchumba ukaishia hapo.

Binti hakumgombeza. Aliosha vikombe, akavipanga. Mwezi haukuisha akaomba kuhamishiwa tawi la duka lao lililokuwa mji mwingine. Aliondoka na begi moja, akaaga kwa adabu zote.

Nyumba ikawa kubwa. Sponji alikaa mle ndani siku kadhaa bila kugusa nyundo, halafu akafanya lile alilopaswa kulifanya zamani. Aliuza cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi, akafunga karakana, akaenda kuomba kibarua kwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu ambaye Sponji mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukata kitambaa. Mwanafunzi alimpokea kwa heshima, akaendelea kumwita mwalimu, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko matusi.

Kwenye chama cha akiba kulikuwa na dada wa mikopo, mcheshi, asiyeogopa mtu. "Mzee, deni halina miguu," alimwambia. "Wewe ndiye unayekimbia." Akamfundisha kwenda kwa kila anayemdai, kusema kiasi anachoweza kulipa kila mwezi, na kutozidisha ahadi. Sponji akazunguka. Wengine walimsikiliza, wengine walimcheka. Akala mlo mmoja. Akatembea kwa miguu. Miaka ikapita hivyo, mdai mmoja akiondoka, mwingine akifuata.

Alipomaliza, dada alimshauri akope kiasi kidogo sana, cha kununulia kitambaa, akirudishe kabla ya siku yake. Akarudisha. Akakopa tena, akarudisha tena. Siku moja dada akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Tazama. Umetoka kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Sasa unakopesheka, mzee! Nikupe mkubwa, ufungue karakana?"

Sponji alitoka nje, akampigia binti yake.

"Nimemaliza yote, mwanangu. Jina langu ni safi."

"Hongera, baba. Na langu?"

Kesho yake alivaa shati lake zuri, akaenda kwa mama wa fundi magari. Ukutani palikuwa na picha ya harusi: fundi magari na mke wake. Mjukuu alikuwa akitambaa sakafuni.

"Mama, binti yangu hakujua," alisema Sponji. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Alisema alichoambiwa."

"Nilihisi," alisema mama yule. "Siku ile nilikaa nikisubiri useme. Hata chai nilikunywa taratibu, nikikupa nafasi."

Sponji alilia pale pale, mbele ya mtoto wa watu. Mama akampa kitambaa, kisha yeye mwenyewe akampigia binti simu, akamwomba radhi. Binti akashukuru.

Mwishoni mwa mwaka binti alikuja. Karakana ilikuwa imefunguliwa, wateja wawili wakisubiri, na Sponji alikuwa amepaka rangi chumba cha binti na kutandika shuka mpya. Walikula pamoja. Binti akamsifia kazi, akamuuliza habari za mgongo. Jua liliposhuka akachukua mkoba wake.

"Nitalala kwa shangazi, baba."

"Chumba chako kipo."

"Nimekiona. Ahsante."

Sponji akamsindikiza hadi barabara kubwa. Binti akasimama, akamrekebisha baba yake kola ya shati, akasema, "Rudi sasa, utachoka."

Sponji akarudi.