Ngoma Iliyotoka Ndoani

Arsène alipoingia kwenye mtumbwi wa kwenda Lubunga, ngozi ya ngoma yake ilikuwa bado na joto la moto wa makaratasi. Ilikuwa saa saba mchana. Ng'ambo ya mto, Tonton Zéphirin, mzee aliyemfundisha kazi ya ngoma, alikuwa amelazwa ndani ya jeneza, akingoja kuzikwa saa tisa.

Asubuhi Arsène alikuwa amempigia simu mjane, Mama Célestine, akamwambia malaria, palu, imemwangusha na atafika kwa maziko tu. Hakuwa na malaria. Alikuwa kwenye ndoa mjini, komini ya Tshopo, amevaa shati ya kung'aa, akipigia okestra iliyomwita kwa mara ya kwanza, kamera ikimzunguka kama nzi. Alijiambia kwamba marehemu hatakimbia, ila okestra haimngoji mtu. Asubuhi maneno hayo yalimkaa vizuri. Sasa, mtumbwini, yalimchoma.

Zéphirin alikuwa akisema ngoma moja ina sauti tatu. Ya misa: unagonga kidogo tu vigingi vinavyokaza ngozi, isifunike kwaya. Ya ndoa: unaiotesha ngozi moto wa makaratasi mpaka ikauke, unabandua donge la utomvu lililo katikati yake, ili mlio uwe mwepesi na kiuno kisikie kabla ya sikio. Ya kilio: unapaka maji, unalegeza vigingi, unarudisha donge nene, mpaka ngoma iongee kwa kifua kama mtu aliyelia siku mbili.

Donge alikuwa amelikwangua asubuhi, akalitupa.

Alichovya kitambaa mtoni, akapaka ngozi. Jua likayanywa maji yale. Akapaka tena.

Mpiga kasia akacheka. "Grand frère, unaosha mutoto?"

"Iko na homa," Arsène akajibu bila kumtazama.

"Ee! Sasa hata ngoma inapata palu!"

Arsène akachovya kitambaa tena.

Kwenye kilio watu walimpisha. Mama Célestine akainuka kwenye mkeka, akamgusa paji la uso.

"Palu imepunguka, mutoto yangu?"

"Kidogo, Mama."

"Nilikuwekea supu ya samaki. Kunywa kwanza, usianguke njiani."

Akanywa vijiko vitatu mbele yake. Supu ilikuwa nzuri. Kisha akaketi, akaweka ngoma kati ya magoti. Wanawake wakaanza wimbo wa kumsindikiza mume wa nyumba ile, naye akapiga.

Pa! Ngoma ikaruka juu, kavu, ya furaha. Sauti za wanawake zikajikwaa. Msichana aliyekuwa akigawa maji akatikisa mabega bila kutaka, halafu akajiziba mdomo. Wimbo ukafa.

Mama Célestine alikuwa ameishi miaka thelathini na mtu aliyetengeneza ngoma uani kwake kila wiki. Akaitazama ngozi, mahali palipokwanguliwa.

"Arsène. Ndoa ilikuwa ya nani?"

"Mama, ni jua ya mtoni, imekausha..."

"Jua haibandulake donge. Ndoa ya nani?"

"Ya watu wa Tshopo, Mama," akasema. "Hata majina yao siyajue."

Ursule, dada wa marehemu, akapiga makofi mara moja. "Aa, bon! Kumbe iko palu ya kuvaa shati ya kung'aa!" Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Arsène akavuta koti alilolivaa mtumbwini kufunika shati, na koti halikutosha.

"Tonton yako alisema nani atamusindikiza?" Mama Célestine akauliza.

"Mimi."

"Alisema hivyo. Basi utatengeneza ngoma. Gédéon atapiga."

Gédéon, mpwa wa marehemu, akashtuka. "Mama, mimi napigaka misa tu, mukono yangu..."

"Utapiga."

Arsène akakaa karibu na mafiga. Wakamletea kopo la utomvu la Zéphirin na mafuta ya mawese. Akalegeza vigingi kimoja kimoja, akalowesha ngozi, akakanda donge mpaka vidole vikawa vyeusi, akalibandika, akaigonga kwa kidole gumba, akasikiliza. Akaongeza donge. Akasikiliza tena. Ngoma haikuwahi kumtii hivyo. Alitamani kuipiga hata mara moja, kwa kiganja kizima. Akaiinua, akampa Gédéon.

"Usiharakishe," alimwambia.

Njiani Gédéon alichelewa mara mbili, mkono ukipoteza hesabu. Lakini sauti ilikuwa yenyewe, na wanawake wakaingia chini yake, wakaimba mpaka makaburini. Arsène alifuata nyuma kabisa, pamoja na waliobeba viti vya plastiki, naye ameshika viwili kila mkono, na hakuna aliyejitolea kumpokea.