Fremu Moja ya Mama Lenny

Binadamu yeyote, ukimsimamisha katikati ya neno, anafanana na mlevi. Hata pasta. Hata bibi arusi aliyepakwa poda tangu alfajiri: simamisha video pale anaposema "nakubali" utaona jicho moja limefunga duka na lingine linatafuta chenji. Kazi yangu hapa Ruiru ni kupita katikati ya walevi hao, fremu baada ya fremu, mpaka nipate ile moja ambayo mtu anafanana na anavyojiona kwenye kioo. Hiyo ndiyo inakuwa kava, ile picha ya mbele mnayoiona kabla ya kubonyeza video. Kwaya za Kahawa Wendani, harusi za Membley, wote hupitia kwangu. Wananiita Kiilu wa Kava, na mimi huitika.

Mama Lenny, jina lake Perez, ni jirani yangu katika ploti tunayopanga. Alikuwa anafulia watu nguo Membley, na mwanawe Lenny alikuwa anapakia katoni katika kiwanda kimoja cha juisi huko Eneo la Viwanda, Thika. Siku moja Lenny alitoka kazini na wenzake, akawaambia anapitia dukani kununua kredo ya simu, wasimngoje. Habari zake zinaishia hapo. Simu imezimwa. Mama yake alizunguka polisi, akazunguka hospitali, akaingia hata ile nyumba baridi ambayo hatupendi kuitaja. Hakumkuta kwa wagonjwa, hakumkuta kwa wale wengine.

Tulibandika picha ya kijana kwenye nguzo za stima kuanzia Ruiru hadi Thika. Mvua ikanyesha, kisha muuza ploti akabandika tangazo lake juu.

Ndipo akatokea Kahiga, mwenye chaneli ya habari za mtandaoni pale Thika. Alimwambia Mama Lenny kwamba hakuna anayebonyeza sura ya kijana, kwa sababu vijana wamejaa kila mahali. Watu hubonyeza mama. Akamhoji nje ya geti la kiwanda. Mahojiano yenyewe hayakuwa na kasoro. Mama alieleza shati alilovaa Lenny, alama iliyo juu ya unyusi wake, nambari ya kupiga. Shida ilikuwa kava. Ukipandisha video, mtandao wenyewe hukupendekezea picha tatu, na Kahiga, mtu wa haraka, huchukua ile yenye meno mengi. Anaamini meno huleta watu.

Kwa hiyo pale mbele, kando ya maandishi mekundu MWANANGU AMEPOTEA, alikuwapo Mama Lenny mashavu yamepanda, macho yamejikunja, midomo imevutwa huku na huku. Ungesema ameambiwa kichekesho.

Watu wa mtandao hawafungui video. Wanaisoma kava kisha wanahukumu. Wakaandika kwamba mama anacheka, kwamba anajua kijana aliko, kwamba atakuwa amemuuza. Mmoja aliandika tu, "Huyu amekula bima," na maelfu wakampigia makofi. Tajiri wake wa Membley alimwambia apumzike kwanza nyumbani. Alipokwenda kuchukua kandambili zake, mlinzi hakumfungulia geti. Alimpitishia kandambili chini.

Asubuhi moja akaja kwangu, akaketi kwenye stuli ya wateja, leso imefungwa kifuani.

"Kiilu, kwenye ile video yote, nitafutie mahali ninapolia. Nataka kava ibadilishwe."

Kahiga hakubisha. Alinitumia faili, akasema nikipata picha nyingine ataiweka. Basi nikaanza kubonyeza, fremu moja, fremu moja, Mama Lenny kando yangu. Video ikitembea, ilikuwa inachoma moyo. Mtoto mdogo angejua huyu ni mtu aliyeumia. Ukiisimamisha tu, anacheka. Kidevu kinachotetemeka, ukikisimamisha, kinakuwa kidevu cha mtu anayejizuia kucheka kanisani. Mahali alipofunika mdomo kwa mkono palikuwa pabaya zaidi: ni kama anaficha meno.

Nikamuuliza kwa nini hakuachilia akalia tu, kama watu wote.

Alinieleza polepole. Kwa mama yake mzazi walifundishwa kwamba mtu ambaye hujaona mwili wake haliliwi. Ukimlilia umemzika. Akiwa hai mahali fulani, sauti yako itamfikia, naye atajua kwamba nyumbani wameshafunga mlango. Kwa hiyo mbele ya kamera ya Kahiga alikuwa amekishika kilio. Kile alichokuwa ameking'ata kwa meno, kile ambacho watu walikiona kicheko, kilikuwa Lenny.

Mimi nikikosa la kusema huwa natania; ndivyo nilivyofunzwa na maisha. Nikamwambia watu wa mtandao ni kama wateja wa chips: hawaulizi kiazi kimetoka shamba gani, wanataka chumvi. Nilitarajia atatabasamu kidogo.

Hakutabasamu. Aliutazama uso wake pale kwenye skrini.

"Washa kamera yako," akasema.

Nikamwambia zipo njia nyingine. Tunaweza kuweka picha ya Lenny mwenyewe.

"Nguzo zilikuwa na picha ya Lenny. Washa, Kiilu."

Akasimama mbele ya kitambaa cheupe ninapopigia watu picha za pasipoti. Akafungua leso, akaiweka kwenye stuli. Kisha akasema neno moja, na hakuwa ananiambia mimi: "Wuoda, mwanangu, usiisikie hii. Ni ya picha tu."

Halafu akalia.

Sitawaeleza kilio kile. Nitasema tu kwamba Khamisa, fundi wa nguo wa mlango wa pili, alizima cherehani akaja kusimama mlangoni, pini zikiwa bado midomoni. Akazitoa moja moja.

"Innalillahi," akasema taratibu. "Mwili umepatikana wapi?"



Safari hii sikuhitaji kutafuta. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, kila fremu ilikuwa sawa. Nikachukua moja, nikamtumia Kahiga, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameiweka.

Kwa kusambaa, ilisambaa. Wale waliomtukana waliomba msamaha. Wakaweka maua, wakaweka mishumaa. "Pole mama. Pumzika kwa amani Lenny." Mtu mmoja aliigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, ikapendeza, ikazunguka zaidi. Tajiri wa Membley alimtuma mlinzi yuleyule na unga, sukari na majani ya chai, vitu vya kupikia waombolezaji. Wenzake Lenny wa kiwandani, ambao kila jioni walikuwa wanauliza mtaa baada ya mtaa, waliacha kuuliza. Walikuja ploti kwa kikundi, na viti vya kukodi, wakataka kujua safari ya kumpeleka nyumbani kuzikwa ni lini.

Simu ya Mama Lenny ililia kutwa. Alikuwa anaikimbilia, mikono ina povu. "Hajafa," anawaambia. "Amepotea tu. Fungua video usikilize." Wanasema ndiyo mama, jipe moyo, kisha wanakata.

Akarudi kituo cha polisi kuulizia. Afisa wa zamu alimtambua kabla hajasema jina. Alisimama kwa heshima, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza walizika lini.

Kutoka pale alikuja moja kwa moja kwangu. Nilimwambia naweza kumwomba Kahiga aiondoe ile kava.

"Ukiiondoa watarudi kusema nacheka." Akaketi kwenye stuli. "Hakuna ya katikati? Ya mama ambaye bado anangoja?"

Nikamwambia hebu tuone. Nikafungua faili zote mbili, ya getini na ya kitambaa cheupe, nikaanza kubonyeza. Fremu moja, fremu moja. Huku anacheka. Huku amezika. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Nilitafuta hata pale kabla hajaanza kulia, pale anapomwambia mwanawe asisikie, lakini hapo midomo ilikuwa inatembea, na mnajua nilivyosema kuhusu mtu anayesimamishwa katikati ya neno.

Simu ikalia mapajani mwake. Hakuikimbilia. Aliiacha ilie kidogo, akaiweka sikioni, akasikiliza mtu wa upande wa pili akitoa pole za msiba mpaka akamaliza.

"Asante," akasema. "Asante sana."

Akakata, akaniambia niendelee kutafuta.