Ukuta wa Chumbani

Mama mkwe wangu alipitisha kidole ukutani, nyuma ya kichwa cha kitanda, akakinusa, kisha akakifuta taratibu kwenye foronya ya mto wangu. Ilibaki alama ndogo ya kijivu pale kwenye kitambaa cheupe, nami nimesimama mlangoni na sinia la chai mikononi, sijui niliweke wapi.

Alikuwa amehamia kwetu asubuhi ile. Kifua kilimsumbua tangu ujanani, na daktari alikuwa ameshauri asiishi peke yake tena. Wifi yangu alibanwa na watoto wadogo, kwa hiyo zamu ikatuangukia sisi. Tulipanga nyumba ya chini kwenye jengo la ghorofa moja. Juu yetu aliishi kinyozi mpole, ambaye tulimjua zaidi kwa miluzi yake akiwa anaoga kuliko kwa sura.

Ule ukungu ulikuwepo kabla mama hajaja. Ulianza kama punje za pilipili manga zilizorushwa ukutani na mtu mwenye hasira. Baadaye punje zikashikana, zikawa doa, na doa likapanda juu na kuja chini kama linalotafuta mahali pa kulala. Tuliuzoea jinsi mtu anavyozoea jino bovu.

Jioni ile mezani mama alimwangalia mwanawe, si mimi, akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Ukuta hauoti ukungu kwa mwanamke anayejua maana ya ufagio."

Mume wangu akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka amani na pande zote mbili, kisha akaomba chumvi.

Tangu siku hiyo nikawa mtumwa wa ukuta ule. Nilikuwa nikishona sare za shule katika karakana moja mjini, na nikirudi nyumbani, kabla hata sijavua viatu, nilichukua brashi na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nilisugua hadi vidole vikachubuka. Doa lilififia, likawa la manjano, nami nikalala na ushindi wangu. Kisha, taratibu, punje zilichomoza tena palepale, kama wageni waliokwenda tu kuchukua mizigo yao. Karakanani wenzangu walianza kunitania. "Fundi," mmoja aliniuliza, "leo umekuja kushona au kuosha vyoo?" Nilicheka nao. Dawa ile ilikuwa imeingia kwenye ngozi, hata uzi niliopitisha kwenye sindano ulinukia.

Mume wangu naye alikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa rangi. Alipaka mara ya kwanza nyeupe, mara ya pili krimu, akasema ya krimu ni nzito, haipenywi na kitu. Kwa muda chumba kilinukia upya. Halafu rangi ikaanza kuvimba mapovu, na ukibonyeza povu lilipasuka, likatoa unyevu mweusi. Tukasogeza kabati kubwa, tukaziba. Usiloliona halikuumizi, au ndivyo tulivyodhani. Nyuma ya kabati, bila mwanga wala upepo, lile doa lilinawiri kama bustani.

Mama alikuwa na yake pia. Aliamini ukungu huingia na hewa ya nje, basi madirisha yote yakafungwa, na mapazia juu yake. Nilipofungua asubuhi, alifunga nikienda kazini. Nilimwambia siku moja, kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu, kwamba nikiugusa ukuta nauona umelowa hata siku ambazo sijauosha. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilichoma kuliko matusi.

"Umelowa kwa sababu kila siku unaumwagia maji, mwanangu. Ungesafisha mara moja, lakini kweli kweli, usingerudia."

Na mimi, jambo ambalo hadi leo linanisikitisha, nilimwamini. Si kwa mdomo tu. Nilianza kujinusa. Nilikagua kola za magauni yangu, nikafua shuka ambazo hazijalaliwa. Wageni waliposema watapita, nilitafuta udhuru. Mtu akiambiwa ni mchafu kwa muda mrefu wa kutosha, huacha kutafuta uchafu uko wapi, hujitafuta mwenyewe.

Lakini nisimchore mama kwa mkaa mtupu. Nilipougua homa, ni yeye aliyekaa nami kitandani na kunilisha uji kwa kijiko, akipuliza kila kijiko kabla ya kukileta mdomoni mwangu. Alijua mashairi marefu ya kuchekesha juu ya wanaume wavivu, na alipoyasema niliona jinsi alivyokuwa enzi za usichana wake. Tungeweza kupendana. Baina yetu palikuwa na ukuta tu, na sisemi kwa mafumbo. Ulikuwa ukuta wenyewe, ule wa chumbani.

Siku ya tukio nilirudi nyumbani mapema kidogo, umeme ulikuwa umekatika karakanani. Nilipofungua mlango wa mbele harufu ilinipiga usoni kama kofi. Macho yakajaa machozi kabla sijavuka kizingiti. Nilimwita mama, hakuitika. Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa na kitambaa kimeshindiliwa chini yake kwa ndani. Ilibidi niusukume kwa bega.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, brashi ingali mkononi. Pumzi yake ililia kama mlango usiotiwa mafuta. Kabati lilikuwa limevutwa kando, sijui kwa nguvu gani za mwili ule. Pembeni palikuwa na ndoo, na kando ya ndoo chupa mbili tupu: ile dawa yangu ya nguo, na dawa kali ya kusafishia choo. Alikuwa amezichanganya ili ziwe na nguvu zaidi, akafunga dirisha na mlango ili mvuke usitoke, uue vizuri.

Nilimshika kwapani, nikamburuta hadi nje, kwenye baraza. Majirani wakakusanyika. Aliponiona vizuri alinyoosha kidole kuelekea ndani, na kwa sauti iliyobaki akasema: "Umeona? Limetoka lote."

Lilikuwa limetoka kweli. Ukuta ulikuwa mweupe kama karatasi.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba dawa zile mbili zikikutana huzaa hewa ya sumu, na kifua kama chake hakikuwa na akiba ya kupambana nayo. Angeishi, alisema, lakini mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa. Tulipobaki wawili kwenye benchi la korido, alisema bila kunitazama: "Kwani wewe ungeusafisha vizuri, ungepungukiwa nini?"

Nilitazama mikono yangu. Kucha zilikuwa zimekatika, na ngozi ya vidole ilimenyeka kama ganda la kitunguu. Aliyaona hayo kila siku mezani. Alisema vile kwa uchungu wa mama yake, najua, na baadaye aliomba radhi, tena zaidi ya mara moja. Tumezeeka pamoja. Lakini kuna maneno ambayo hata yakiombewa radhi hubaki na kiti chake ndani ya nyumba.

Mama alipotoka hospitali hakurudi kwetu. Wifi alimchukua. Madoa yakarudi kabla ya mvua kwisha, yaleyale, mahali palepale, na safari hii sikuyagusa. Sikuwa na moyo.

Kisha kinyozi akahama. Mwenye nyumba akafunga maji ya juu ili abadilishe vigae vya bafu kabla ya kupangisha tena. Siku zikapita. Asubuhi moja nilipokuwa nikitandika niligusa ukuta kwa bahati tu, nikaurudisha mkono haraka, kisha nikaugusa tena. Ulikuwa mkavu. Chini ya kidole changu madoa yalipukutika kama unga. Juu, mafundi walipovunja sakafu walikuta bomba lenye ufa chini ya vigae. Kila mara kinyozi alipooga miaka yote ile, maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta wetu kimyakimya. Bomba likabadilishwa. Plasta iliyooza ikabanduliwa hadi kwenye matofali, tukaacha madirisha wazi hadi pakakauka kabisa, kisha tukapiga lipu mpya. Ukungu haukurudi tena.

Mume wangu alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Alisema neno moja tu: "Kumbe."

Nikaenda kwa wifi kumweleza mama. Alikuwa amekonda, amelazwa juu ya mito mitatu ili apumue. Nilimsimulia yote, bomba, kinyozi, miluzi yake. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anashikwa na kifua. Alikuwa anacheka.

"Kumbe tulikuwa tunagombana kwa ajili ya bafu la watu," alisema.

Tukacheka wote wawili hadi akakohoa, nikamwinua na kumpapasa mgongo. Alipotulia alibaki ameushika mkono wangu, anaugeuza, anaangalia vidole.

"Hata mimi niliitwa mchafu," alisema. "Mwaka nilioolewa."

"Na nani, mama? Kwa kosa gani?"

Alifungua mdomo kunijibu, na wifi akaingia na dawa na glasi ya maji. Akameza, akahangaika na pumzi, na alipoweza kusema tena mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye viatu vya shule vya wajukuu. Nilingoja yarudi. Hayakurudi, na niliona amechoka, nikaaga.

Alifariki wiki ileile. Siku ya mazishi wanawake wa rika lake walikaa pamoja wakimkumbuka: harusi yake, mashairi yake, ubishi wake na wauza mboga. Nilikaa katikati yao hadi wa mwisho alipoondoka, nikisikiliza kila kisa. Kile kimoja, cha nani alimwita mchafu na kwa nini, hakuna aliyekuwa nacho.