Visogo Kwenye Foleni ya Chanjo

Kinyozi alikuwa ameapa mbele ya watu, tena si mara moja, kwamba sindano ile haitaugusa mkono wake hata wamfunge kamba. Ndiyo maana siku hiyo alivaa kofia iliyomfika kwenye nyusi, barakoa iliyomfika chini ya macho, na koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Ukumbi wa shule alioufuata ulikuwa mbali na mtaa wao, mahali ambapo, kwa hesabu zake, hakuna aliyemjua. Aliketi safu ya nyuma kabisa, akajikunyata.

Mtaani walimwita Profesa. Hakuna chuo kilichompa cheo hicho. Alijipa mwenyewe polepole, mteja mmoja mmoja, maana mtu aliyewekewa wembe shingoni hana haraka ya kubisha. Tangu maradhi yaingie, kiti chake cha kunyolea kiligeuka darasa. Aliyechanjwa, alifundisha Profesa, mkono wake unanasa vijiko kama sumaku. Aliyechanjwa anaota kwa lugha asizozijua. Kila wiki alitia chumvi mpya, na wateja wakaenda kuwasimulia wake zao.

Kilichomtoa nyumbani ni binti yake. Alikuwa anakuja kesho yake na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza, na alipiga simu kutoa sharti: asiyechanjwa hamshiki mtoto.

"Hata baba?" mama yake aliuliza.

"Hasa baba!" binti alijibu, kwa sauti iliyomfikia Profesa mezani. Profesa alijichekesha kidogo, kisha tonge likamkwama. Kwa siku kadhaa alikuwa akijizoeza kumbeba mtoto kwa kutumia mto wa kitandani.

Pale ukumbini foleni ilikuwa ya viti. Aliye mbele akiitwa, wote wanasogea kiti kimoja. Profesa hakuwa na la kufanya ila kutazama visogo vya waliomtangulia, na kinyozi, kwa taarifa yako, hakariri nyuso. Anakariri visogo. Safu ya mbele aliona nywele zinazozunguka mara mbili utosini, zile ambazo hakuna mashine inayoweza kuzilaza. Kichwa hicho alikinyoa juzi tu, kikiwa kinafoka: "Mimi? Labda wanichanje nikiwa maiti!" Alikuwa mwenye bucha. Pembeni yake, kovu nyuma ya sikio: mwalimu wa hesabu. Mbele zaidi, shingo nene yenye mikunjo ambayo Profesa aliijua kama kiganja chake: mwenyekiti wa mtaa, aliyeaga kwamba anasafiri kumzika shangazi yake.

Mtaa mzima ulikuwa umekuja kujificha kwenye ukumbi mmoja! Profesa alijaribu kujikaza, akashindwa. Kicheko kikamponyoka puani, na kicheko chake kilijulikana kuliko sura yake. Visogo vyote vikageuka.

"Profesa?" alinong'ona mwenye bucha.

"Siye mimi."

"Kumbe nawe umo!"

"Wewe je? Si ulisema mpaka uwe maiti?"

"Mimi nimemsindikiza mtu."

"Nani?"

Mwenye bucha aliangaza huku na huku. "Bado hajafika."

"Shangazi naye tumemzika mapema," alisema mwenyekiti kabla hajaulizwa. Wakaangua kicheko wote, wakashikana mabega, mpaka muuguzi akatoa kichwa nyuma ya pazia. "Jamani, hapa mmekuja kuchanjwa au mmekuja harusini?"

Profesa alijifuta machozi, akaendelea kukagua wateja wake. Wote walikuwepo, isipokuwa mmoja. Hakukiona kile kisogo chembamba chenye mvi cha fundi viatu. Vibanda vyao vilichangia ukuta mmoja wa mbao na redio moja, na siku za baridi Profesa alisikia pumu ya fundi ikipiga mluzi upande wa pili.

"Fundi viatu yuko wapi?"

Kicheko cha mwenye bucha kilikatika. "Nilimpitia asubuhi nikamdokeza. Kakataa katakata. Kasema, Profesa ni ndugu yangu, anakijua kifua changu. Ingekuwa ni dawa, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuniambia."

Profesa aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wengine wote walimsikiliza, wakacheka, wakafanya lao. Mmoja tu ndiye aliyemwamini, na huyo ndiye aliyeihitaji chanjo kuliko wote. Akasimama.

"Unakwenda wapi? Zamu yako imekaribia!"

"Narudi."

Alipanda bodaboda hadi mtaani, akamkuta fundi kibandani amebana misumari midomoni, anapigilia kisigino. Njiani Profesa alikuwa amepanga hotuba ndefu, lakini alipofika ikayeyuka. "Nisindikize," alisema. "Nakwenda kuchanjwa."

Fundi aliitoa misumari mmoja mmoja. "Wewe?"

"Mimi."

"Wamekutisha?"

"Twende tu, ndugu yangu."

"Twende," alisema fundi, akachukua nyundo yake. "Wakikulazimisha wataniona."

Waliporudi viti vya foleni vilikuwa vitupu. Waliokwisha kuchanjwa walikuwa wamekaa pembeni wakingoja ruhusa ya kuondoka, na mwenye bucha alikuwa anaushika mkono wake utadhani umevunjika. Muuguzi aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Imebaki dozi moja. Gari la chanjo haliji tena mpaka mwezi ujao. Nani?"

"Huyu," alisema fundi, akimsukuma Profesa kitini. "Mimi msindikizaji. Akipona, nami nitafikiria."

Profesa aliitaka sindano ile. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kwa sababu aliona waziwazi binti yake akifungua mlango kesho na mtoto mikononi. Lakini fundi alikuwa amesimama ameegemea ukuta, na zile ngazi chache za kuingilia zilikuwa zimemwachia mluzi kifuani.

Profesa akainuka kitini. "Kaa wewe."

"Na vijiko je?"

"Hakuna vijiko."

"Si ulisema umesoma?"

"Sikusoma popote." Profesa akavua kofia. "Nilikuwa natunga. Ukinisikiliza na kutikisa kichwa, mimi naongeza. Nilipenda tu kusikilizwa."

"Hata ile ya kuota kwa lugha nyingine?" aliuliza mwalimu wa hesabu kwa masikitiko.

"Hata hiyo."

Fundi aliweka kiganja kifuani. "Kwa hiyo kifua changu hiki ulikuwa unakifanyia mzaha."

"Ndiyo. Nisamehe, ndugu yangu. Kaa, nakuomba."

Fundi alimkabidhi Profesa nyundo, akakaa, akakunja mkono wa shati. Njia nzima ya kurudi hakumsemesha.

Kesho yake mtoto alifika, na Profesa akabaki nje barazani, amevaa barakoa, amebandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Mkewe, aliyekuwa amechanjwa mapema, alishapitisha hukumu: "Uliogopa sindano, basi." Profesa hakubisha, na hilo lilimshangaza mkewe kuliko yote.

Jioni fundi viatu akaja. Alimpita Profesa bila salamu, akapiga hodi. "Shemeji, nimekuja kumwona mgeni." Akaonyesha cheti chake, akanawa mikono hadi viwikoni, akapewa mtoto. Alimtazama, akatabasamu, kisha akaenda naye moja kwa moja hadi dirishani, akamsogeza karibu na kioo. Mtoto alipiga miayo. Upande wa pili babu yake alikuwa analia na kucheka, barakoa imelowa.

Fundi alisimama pale mpaka mkono uliochomwa sindano ukaanza kumtetemeka.

"Shemeji, mkono utakuwa unakuuma," mke wa Profesa alimwambia. "Mlete nimpokee."

"Subiri kidogo," alisema fundi. "Babu yake bado anamtazama."